Umehamisha FSX kwenye kompyuta mpya na mambo hayaendi? Tafuta dalili yako hapa

Anayenunua kompyuta mpya mara nyingi hunakili folda nzima ya Flight Simulator X (FSX), simuleta ya kurusha ndege ya Microsoft, kwenye diski ya nje, huibandika kwenye kompyuta mpya, kisha hubofya fsx.exe. Haifunguki. Au inafunguka lakini ndege hazipo, viwanja vya ndege alivyovinunua havipo, na usukani unavuta kushoto wakati yeye ameuacha katikati.

Chanzo ni kwamba simuleta hii haikai mahali pamoja. Folda kuu ni sehemu tu. Mipangilio iko C:\Users\jina lako\AppData\Roaming\Microsoft\FSX, na humo ndimo utakuta fsx.cfg, dll.xml, exe.xml na folda ya Controls. Orodha ya mandhari, yaani scenery.cfg, iko C:\ProgramData\Microsoft\FSX. Safari ulizohifadhi, mipango ya safari na daftari lako la saa za kuruka, Logbook.bin, viko kwenye Documents, ndani ya Flight Simulator X Files. Halafu kuna maandishi ndani ya rejista ya Windows ambayo huwezi kuyanakili kwa kipanya. AppData na ProgramData zimefichwa, kwa hiyo iamuru Windows ionyeshe folda zilizofichwa kabla hujasema hazipo.

Ndiyo maana, kwa kila hitilafu, swali la kwanza ni hili: kuna kitu kimeachwa kule, au kuna kitu kimekuja huku ambacho hakikutakiwa kuja? Maswali hayo mawili yanamaliza sehemu kubwa ya matatizo ya kuhama. Yaliyobaki ni ya Windows yenyewe, kwa sababu FSX ilitoka mwaka 2006 na mfumo wa leo una mambo ambayo waundaji wake hawakuyajua.

Ushauri mmoja kabla ya dalili. Usiifute kompyuta ya zamani mpaka mpya iwe imekupeleka safari nzima kutoka kuruka hadi kutua. Na nyongeza ulizonunua ambazo leseni yake imefungwa kwenye mashine moja, ziondolee uamilishaji kule kwanza. Ukishafuta diski, hilo halifanyiki tena.

Haifunguki kabisa, au inajifunga kabla ya kuonyesha picha

Kama ulinakili folda tu, acha kutafuta. Sakinisha upya kutoka kwenye diski au Steam (duka la michezo la mtandaoni), kisha urudishe vitu vyako kidogo kidogo. Usiiweke ndani ya Program Files. Ipe mahali pake, mfano D:\FSX. Sababu ya hili utaiona mbele kidogo.

Kwa FSX ya diski fuata mpangilio: sakinisha, ifungue mara moja ili itengeneze fsx.cfg yake, weka SP1 (kifurushi cha kwanza cha marekebisho), ifungue tena, kisha SP2, cha pili. Mwenye Acceleration, kifurushi cha nyongeza cha FSX, anaweka Acceleration badala ya SP2, si vyote viwili. FSX: Steam Edition ya 2014 inakuja na hayo yote tayari, na kwa mtu anayehamia Windows 10 au 11 ndiyo njia isiyo na usumbufu mwingi.

Kama imesakinishwa vizuri na bado haifunguki, angalia kama umeleta fsx.cfg ya zamani. Ifungue kwa Notepad, utakuta sehemu inayoanza na DISPLAY.Device na kufuatiwa na jina la kadi ya picha. Jina hilo ni la kadi iliyo kwenye kompyuta ya zamani. Faili hili ndilo mfano bora wa kitu ambacho hakikutakiwa kuja. Libadilishe jina liwe fsx.cfg.zamani, fungua simuleta, nayo itaandika jipya kulingana na mashine iliyopo. Yale marekebisho machache uliyoyapenda uyanakili mstari kwa mstari baadaye.

Ujumbe unaosema faili fulani la d3dx9 halipo maana yake ni DirectX 9. Windows mpya ina DirectX 12, lakini hiyo haibebi mafaili ya zamani. Sakinisha kifurushi cha DirectX cha Juni 2010 kutoka Microsoft. Hakiharibu toleo jipya. Vivyo hivyo, ujumbe unaotaja MSVCR au "side-by-side" unadai Visual C++ za zamani, na unahitaji zile za x86 hata kama Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu FSX yenyewe ni programu ya biti 32.

Wenye Flight Simulator 2004 wana tatizo la aina nyingine. Simuleta inaomba diski ya nne wakati diski ya nne iko ndani ya kompyuta. Diski si mbovu. Ulinzi wake unaitwa SafeDisc, unategemea draiva iitwayo secdrv.sys, na Microsoft waliiondoa kwenye Windows 10 mwaka 2015 kwa sababu za kiusalama. Hakuna mpangilio wa kubofya utakaoirudisha. Hapo ama unaitunza kompyuta ya zamani kwa ajili ya FS2004, ama unahamia FSX na kuchukua zile ndege zinazokubali kuhama.

Inafunguka, lakini inajifunga ghafla

Usianze kubahatisha. Windows imeshaandika kilichotokea. Fungua Event Viewer, nenda Windows Logs, kisha Application, utafute mstari mwekundu wenye saa ileile simuleta ilipojifunga. Ndani yake kuna mambo mawili ya kusoma: jina la moduli (kipande cha programu) iliyoanguka na namba ya hitilafu. Namba c0000005 utaiona sana. Maana yake programu ilijaribu kugusa sehemu ya memori isiyo yake. Peke yake haikwambii mengi. Jina la moduli ndilo lenye habari.

Ukikuta uiautomationcore.dll, dalili yake ni kwamba simuleta hujifunga unapofungua menyu au kubonyeza Alt mara kadhaa. Ilianza kusumbua watu kwenye Windows 7 ya biti 64. Tiba iliyozoeleka ni kuweka toleo la zamani la faili hilo, la biti 32 la enzi za Windows Vista, kando ya fsx.exe ndani ya folda kuu ya FSX. Hapo tu. Usiguse folda ya System32, na usichukue faili hilo kwenye tovuti yoyote inayojitokeza. Kama una kompyuta au diski ya Vista, linakili kutoka huko.

Ukikuta terrain.dll, shuku mandhari. Zima nyongeza za mandhari zote, ruka mahali palepale, kisha ziwashe nusu kwa nusu hadi mkosaji abaki peke yake. G3D.dll mara nyingi inatokana na vielelezo vya vitu vya mandhari au ndege. FSUIPC4 ya Pete Dowson, moduli inayounganisha FSX na programu na vifaa vingine, ina kinga maalumu kwa anguko hili, kwa hiyo hakikisha umeweka toleo lake la mwisho badala ya lile la zamani uliloleta kwenye diski ya nje.

Na kama inajifunga kila ukianzisha safari fulani uliyoihifadhi, lakini ukianza na safari ya chaguo-msingi inaenda, basi kosa liko kwenye safari hiyo. Faili la .FLT limetaja ndege au paneli ambayo hujaileta. Anza na Cessna tupu kwenye uwanja wa kawaida, halafu uihifadhi safari mpya.

Ujumbe kwamba memori imeisha, wakati una GB 32

Hili linawaumiza watu kweli, kwa sababu wamenunua mashine nzuri na bado ujumbe ule unatokea wakiwa fainali, dakika chache kabla ya kutua. Memori uliyonunua haihusiki. Programu ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64 inapewa anwani za GB 4 tu, hata kama mashine ina GB 64. Kila mandhari, kila ndege ya kisasa, kila wingu lenye picha kubwa linakula kutoka kwenye hizo nne, na zikiisha simuleta inafunga.

Tena kompyuta mpya huongeza tatizo. Kwenye ile ya zamani ulikuwa umeshusha mipangilio kwa sababu ilikuwa inachechemea. Kwenye mpya unapandisha kila kitu hadi mwisho kwa sababu picha zinakwenda vizuri, na anwani zinaisha upesi kuliko zamani.

Hatua za kuchukua: kwenye fsx.cfg, chini ya [GRAPHICS], hakikisha kuna mstari HIGHMEMFIX=1. Shusha umbali wa kuchora mandhari kabla ya kushusha kitu kingine chochote. Kama umeweka TEXTURE_MAX_LOAD=4096, jaribu 2048 au 1024. Na zima mandhari ya mabara ambayo huruki leo. Yaliyowashwa kwenye maktaba ya mandhari yanachukua nafasi hata ukiwa mbali nayo. FSUIPC inaweza kukuonyesha nafasi iliyobaki wakati unaruka, na ukiona inashuka safari nzima bila kupanda, utajua ni ndege au uwanja gani unaokula.

FS2004 ni dhaifu zaidi hapa. Kwa kawaida yake inaona GB 2 tu.

Nyongeza za mandhari hazionekani

Fungua scenery.cfg ya zamani. Kila mandhari ina kipande chake, hivi:

[Area.131]
Title=Uwanja wangu
Local=E:\Mandhari\Uwanja wangu
Layer=131
Active=TRUE
Required=FALSE

Tazama mstari wa Local. Kwenye kompyuta ya zamani diski yako ilikuwa E, kwenye mpya ni D, na simuleta haina namna ya kujua hilo. Badilisha herufi kwa njia ya kutafuta na kubadili ndani ya Notepad, lakini hifadhi nakala kwanza. Kisha pitia namba: Area mbili zenye namba moja, au Layer mbili zinazofanana, zinaleta ujumbe wa kosa wakati wa kufungua, na huwa zinatokea pale mtu anapounganisha orodha ya zamani na orodha mpya kwa mkono. Ukimaliza, futa kilichomo kwenye SceneryIndexes ndani ya C:\ProgramData\Microsoft\FSX. Simuleta itaijenga upya. Safari hiyo ya kwanza kufungua itachukua muda mrefu, iache.

Kuna dalili inayofanana na hii lakini chanzo chake kiko mbali kabisa, na ndiyo hasa inayonifanya niwasihi watu wasiweke FSX ndani ya Program Files. Mtu anakwambia: "Nilirekebisha mafaili ya ndege yangu miaka mitatu iliyopita, nimenakili folda nzima, na marekebisho hayamo." Anasema kweli, na folda ameinakili kweli. Windows, tangu Vista, hairuhusu programu ya kawaida kuandika ndani ya Program Files. Badala ya kukataa, inalipeleka faili lililorekebishwa C:\Users\jina lako\AppData\Local\VirtualStore na kuionyesha programu kana kwamba liko palepale. Kwa hiyo miaka yote hiyo alikuwa anatumia nakala iliyoko VirtualStore bila kujua, na alichokibeba ni mafaili ya asili. Rudi kwenye kompyuta ya zamani, fungua VirtualStore, fuata Program Files (x86) hadi Microsoft Games, na uchukue kilichomo humo. Wengine hukuta humo paneli walizozirekebisha na mipangilio waliyoamini imepotea.

Ndege ipo, lakini ina kasoro

Haipo kwenye orodha? Weka alama kwenye "Show all variations" katika dirisha la kuchagua ndege. Watu wamesakinisha upya simuleta nzima kwa ajili ya kisanduku hicho.

Ipo ila ni bubu: fungua sound.cfg yake. Ukikuta mstari wa alias unaotaja ndege nyingine, ina maana inaazima sauti, na mwenye sauti hukumleta. Paneli nazo huazima vilevile. Ikiwa nyeupe au ya kijivu, angalia texture.cfg ndani ya folda ya rangi hiyo. Mistari ya fallback inaelekeza kwenye folda ambayo huenda haipo.

Paneli yenye mashimo meusi mahali pa saa, yaani vipimo vya rubani, ina visababishi viwili. Cha kwanza: mafaili ya .gau au .cab yaliyokuwa kwenye folda kuu ya Gauges hayakuja, kwa kuwa ulinakili folda ya ndege peke yake. Hii huwapata sana wanaohamisha ndege za FS2004, ambazo zinategemea saa za simuleta ile. Cha pili: FSX ilikuuliza kama unaiamini moduli fulani, ukabofya hapana. Jibu lako limeandikwa kwenye fsx.cfg chini ya [Trusted]. Futa sehemu hiyo, itakuuliza upya. Mara chache antivairasi ndiyo imeifungia .gau, angalia karantini yake, kisha itoe folda ya FSX kwenye ukaguzi wake.

Kama programu ya kusakinisha ndege inasema haioni FSX, tatizo liko kwenye rejista. Inatafuta neno SetupPath chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Wow6432Node\Microsoft\Microsoft Games\Flight Simulator\10.0. Usakinishaji halali huliandika neno hilo. Kunakili folda hakuliandiki. Na kama programu ya kusakinishia ni ya zamani sana, ya biti 16, Windows ya biti 64 haitaiendesha hata ufanyeje.

Programu saidizi haziunganishwi na simuleta

Hapa mtuhumiwa ni SimConnect, daraja ambalo programu za hali ya hewa, za mipango ya safari na nyinginezo hupitia. Ina matoleo matatu kwenye FSX ya diski: la mwanzo, la SP1, na la SP2 na Acceleration. Programu iliyoundwa kwa toleo la mwanzo hudai toleo lile lile. Kwenye Steam Edition matoleo ya zamani yamewekwa tayari lakini hayajasakinishwa: fungua SDK, Core Utilities Kit, SimConnect SDK, kisha LegacyInterfaces, na uendeshe programu ya kusakinisha iliyo ndani ya kila folda. Ni jambo la dakika mbili.

Ikiwa hakuna moduli hata moja inayopakiwa, hata FSUIPC, basi fungua dll.xml. Alama moja iliyokosekana, au vipande viwili vilivyobandikwa vibaya, na FSX hulipuuza faili zima bila kukwambia neno. Lifungue kwa kivinjari cha intaneti; kivinjari kitakuonyesha mstari wenye kosa. Na njia za mafaili zilizomo huenda bado zinataja diski E ya zamani.

Vinginevyo, angalia haki za msimamizi. Simuleta ikiendeshwa kama msimamizi na programu saidizi ikaendeshwa kawaida, haziwezi kuzungumza. Ziendeshe zote kwa namna moja.

Usukani na pedeli zina akili zao

Usinakili folda ya Controls ukategemea itafanya kazi. Windows hukipa kila kifaa kitambulisho, na kwenye kompyuta mpya kitambulisho si kilekile. Wakati mwingine hata kuhamisha waya kutoka tundu moja la USB kwenda jingine kunatosha kukibadilisha. FSX ikiona kifaa isichokijua hukipa mpangilio wa chaguo-msingi, na hapo ndipo vifaa viwili vinapong'ang'ania mhimili mmoja: pedeli zinasema kulia, jostiki inasema katikati, nayo ndege inacheza. Ingia kwenye mipangilio ya vidhibiti, chagua kila kifaa kwa zamu, na ufute mihimili isiyo yake.

Kama unapangia vifaa ndani ya FSUIPC, zima kabisa vidhibiti ndani ya FSX. Kimoja kati ya viwili kishike kazi. FSUIPC4.ini unaweza kuileta, pamoja na FSUIPC4.key yenye usajili wako, ila namba za jostiki kwenye JoyNames zilinganishe na vifaa vilivyopo.

Kifaa kinachofanya kazi dakika kumi kisha kinakufa kinazimwa na Windows ili kuokoa umeme. Fungua Device Manager, kwenye kila USB Root Hub nenda Power Management, uondoe alama. Jostiki ya zamani yenye plagi ya pini 15 ni habari nyingine: Windows iliacha kuitambua tangu Vista, na itahitaji kigeuzi cha USB.

Kompyuta ni mpya, lakini picha bado zinakwamakwama

FSX inategemea zaidi kasi ya kiini kimoja cha prosesa. SP1 ndiyo iliyoanza kutumia viini vingine, na kwa kazi za kupakia ardhi hasa. Kwa hiyo prosesa yenye viini 16 vya mwendo wa wastani inaweza kushindwa na yenye viini sita vya mwendo mkali. Kadi ya picha ya gharama kubwa nayo haitaisaidia kama kiini kile kimelemewa. Punguza magari ya barabarani na ndege nyingine zinazoendeshwa na kompyuta kabla ya kugusa ubora wa picha.

Kwenye prosesa ya viini vinne, mstari AffinityMask=14 chini ya [JOBSCHEDULER] huiachia Windows kiini cha kwanza na kuipa simuleta vitatu. Namba hiyo huhesabiwa kwa idadi ya viini, kwa hiyo ile uliyoileta kutoka mashine ya zamani usiiache hivyo hivyo. Ifute kwanza, upime, ndipo uamue kama unaihitaji.

Kioo kipana kinachokuonyesha chumba cha rubani kama umekisogelea mno kinataka WideViewAspect=True chini ya [DISPLAY]. Kishale kinachobofya pembeni ya kitufe kinatokana na ukuzaji wa maandishi wa Windows: bofya fsx.exe kwa kitufe cha kulia, Properties, Compatibility, na uzime ukuzaji kwa programu hiyo.

Na kama kilichokosekana ni ule ukumbi wa kurukia pamoja na wengine, usitafute hitilafu kwenye mashine yako. FSX ya diski iliutegemea mtandao wa GameSpy, uliofungwa mwaka 2014. Wenye Steam Edition wanaunganishwa kupitia Steam.